Fulana ya Vipande Vinne

Kwenye magulio ya Padhola, wilayani Tororo mashariki mwa Uganda, Kisoko ikiwemo, fulana ya mtumba haihitaji maelezo. Imelala juu ya turubai na wenzake, kifuani ina jina la shule fulani ya Marekani au la mbio za hisani za mji ambao hakuna mnunuzi aliyewahi kuusikia, na bei inapatana. Robota ilimotoka liliteremshwa Mombasa, likavushwa mpakani Busia au Malaba. Katika wilaya hiyohiyo ya Tororo watu wanalima pamba. Pamba inatoka, fulana inaingia, na njia ni ileile moja. Jambo hili lilikuwa likinikera kwa muda mrefu bila kupata pa kulishikia, hadi nilipokutana na kazi ya mbunifu wa Kampala, Bobby Kolade, na fulana moja anayoitengeneza kwa vipande vinne.

Fulana hiyo inaanza na fulana nne za mtumba. Zinakatwa, kisha vipande vyake vinaungwa kuwa vazi moja. Nembo iliyokaa katikati ya kifua sasa imebaki nusu, inapakana na neno lililokatwa la fulana nyingine; nyekundu iliyopauka inagusana na buluu ambayo bado ni mpya. Ukiitazama haraka utadhani ni mchezo wa rangi tu. Muulize fundi cherehani yeyote, atakuonyesha ugumu ulipo. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi, hakina mtande na mshindio kama kanga au drili, kwa hiyo kinavutika, na ukikikata ukingo wake unajikunja wenyewe. Halafu fulana nne hazikuishi maisha sawa. Moja imefuliwa mpaka imelegea, nyingine haikuvaliwa hata mara moja. Moja ni pamba tupu, nyingine imechanganywa na poliesta. Ukizipitisha chini ya sindano bila kufikiri, upande mmoja unavuta, wa pili unaachia, na mshono unatoka na mawimbi. Fundi analazimika kulinganisha uzito na mvutiko kwanza, rangi baadaye.

Na kuna doa. Kiwandani kitambaa kipya hutandazwa tabaka juu ya tabaka, mashine ikakata nguo nyingi kwa mkupuo. Mtumba haukubali hivyo. Doa la fulana hii liko begani, tundu la ile liko kwapani, kwa hiyo kila moja lazima ikunjuliwe, ikaguliwe na kupangiwa mkato wake. Ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mkono. Mimi huiona hapo sanaa kuliko kwenye maonyesho ya mitindo: katika ile dakika ya kuamua ni sehemu gani ya nguo iliyotupwa na mtu mwingine inastahili kubaki.

Lakini hili silo lengo aliloanza nalo, na hapa ndipo habari yake iliponishika. Kolade alikulia Kampala, akasomea ubunifu wa mavazi Berlin, akapitia nyumba za mitindo za Maison Margiela na Balenciaga jijini Paris, kisha akaanzisha lebo yake mwenyewe huko Ujerumani. Aliporudi Uganda mwaka 2018, alikuja na shabaha iliyonyooka: nguo za pamba ya Uganda, iliyolimwa, ikasokotwa na kushonwa nchini. Kwa mtu aliyetoka kwenye vyumba vya ushonaji vya Paris, shabaha hiyo ilionekana ya kawaida kabisa. Nchi ina pamba, nayo ni pamba nzuri inayosifiwa sokoni. Kilichobaki ni nini?

Kilichobaki, kama alivyokuja kueleza katika mahojiano mengi, kilikuwa karibu kila kitu. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba nyuzi ya Uganda inasafirishwa nje kabla haijasokotwa. Viwanda vinavyoweza kuichukua pamba ikiwa ghafi na kuitoa ikiwa kitambaa ni viwili tu, kimoja Jinja na kingine Kampala. Mbunifu mdogo anayetaka kitambaa kidogo cha uzito fulani na rangi fulani hana pa kukipata kirahisi. Na hata akikipata, vazi lake litatundikwa sokoni kando ya mtumba ambao bei yake haiwezi kushindwa na mtu anayelipa mkulima, msokotaji na fundi.

Wazee wa Tororo hawahitaji kusimuliwa kwamba haikuwa hivi siku zote. Mbegu za pamba zililetwa Uganda mwaka 1903, zikaenea mashariki upesi. Chama kikuu cha ushirika cha South Bukedi, eneo la Tororo, kilijengwa juu ya zao hilo. Jinja ilipopata umeme wa bwawa la Owen Falls mwaka 1954, kiwanda cha nguo cha Nyanza kilikuwa jirani yake. Kisha zikaja siasa za miaka ya 1970, vita, na ulegezaji wa biashara wa miaka ya 1990, na mitumba ikajaza nafasi iliyoachwa wazi.

Hapo Kolade alifanya jambo ambalo wasanii wengi hulikwepa. Alilikalisha chini lengo lake, akalihoji. Pamoja na Nikissi Serumaga alitengeneza kipindi cha sauti, Vintage or Violence, wakichunguza mtumba umeifanyia nini sekta ya nguo ya Uganda. Kutokana na uchunguzi huo akabadili malighafi. Ikiwa kitambaa kinachopatikana Kampala kwa wingi kuliko chochote ni nguo kuukuu za watu wa nje, basi hicho ndicho kitambaa. Chini ya jina Buzigahill, la kilima cha Kampala, akaanzisha Return to Sender: mtumba unanunuliwa Kampala, unafumuliwa na kushonwa upya, kisha unauzwa hukohuko ulikotoka, safari hii ukiwa na sahihi ya Uganda. Ninavyouelewa msimamo wake, asiye na uwezo wa kuuzuia mzigo usije anaweza walau kuamua utaondoka na sura gani.

Nimejiuliza kama huku ni kushindwa kulikopambwa. Naamini sivyo. Msanii Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro, alisomea usonara, na leo anajulikana kwa shanga za karatasi anazozishona juu ya kitambaa cha gome la mti. Hakuna anayemwita sonara aliyekwama. Malighafi iliyo karibu nawe ina haki ya kukurekebisha. Tofauti ni kwamba Gateja hakuacha nyuma mkulima anayesubiri mnunuzi.

Ndiyo maana siwezi kuifunga hesabu hii. Agosti 2023, akiwa Mbale, mwendo mfupi tu kutoka Tororo, Rais Museveni alitangaza kupiga marufuku mitumba, akisema ni nguo za wazungu waliokufa. Mitumba haikukoma kuingia. Ingekoma kweli, Buzigahill ingekosa kitambaa chake asubuhi iliyofuata, na wauzaji wa soko la Owino jijini Kampala wangekosa riziki, huku pamba nyuzi ikiendelea kupakiwa kwenye malori yaleyale. Bei ya fulana ya vipande vinne imepangwa kwa mnunuzi wa Ulaya na Marekani. Anayepekua turubai gulioni hataivaa. Je, lengo la kwanza limeahirishwa au limefutwa? Na siku Kolade akitaka kulirudia, uzi wa pamba ya Tororo utasokotwa wapi, na nani, kwa bei ambayo mkulima wa Kisoko ataikubali?