Kumwaga oili ni jambo moja, kuimwaga ovyo ni jingine

Kazi ya kutoa oili chakavu katika injini ya gari na kutia mpya sisi huiita "kumwaga oili". Nahofia jina hilo ndilo linalotuponza, kwani wako waungwana wengi ambao, wakishalegeza ile nati chini ya injini, huimwaga kweli: mchangani, chini ya mwembe, kando ya njia, na pengine hatua chache tu kutoka kisimani.

KAZI YENYEWE

Mimi naishi Matuga, na oili ya gari langu huibadilisha mwenyewe uani. Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, huchukua joto, na hubeba taka za injini. Ikichakaa, vyuma hulana. Na gari la huku kwetu lina taabu zake: hukaa foleni ya feri ya Likoni likinguruma bila kwenda, kisha likapanda mlima kutoka Kombani hadi Kwale likiwa na mzigo. Kwa hiyo oili ya kawaida huibadilisha kila kilomita 5,000. Aina na kiasi chake hukitazama kitabu cha gari. Magari mengi madogo hutaka lita 3 hadi 5. Tarehe na kilomita huziandika, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Gari na lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Injini iwashwe dakika chache ili oili ipate uvuguvugu itiririke vyema, kisha izimwe. Ikibidi gari liinuliwe, liegemezwe juu ya stendi madhubuti. Jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kumtunza mtu aliyelala chini ya gari.

Weka karai, legeza nati kwa spana ya saizi yake, uache oili ichuruzike hata iwe matone. Fungua filta, ile mpya upake oili kidogo kwenye mpira wake, uikaze kwa mkono. Rudisha nati na ringi yake bila kuikaza kwa hasira. Tia oili mpya, washa injini dakika moja, izime, ngoja kidogo, kisha upime kwa kijiti. Iwe baina ya alama mbili. Kuzidisha nako kuna madhara yake.

KILICHOBAKI KATIKA KARAI

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe ile oili nyeusi imebeba chembe za vyuma na sumu nyingine. Ikigusa ngozi mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi, yaweza kuleta saratani. Ndiyo maana fundi hana budi kuvaa glavu. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema kwamba oili inayotolewa katika gari mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji, yaani karibu lita milioni 3.8.

Kwetu habari hiyo si ya mbali. Chini ya nyayo zetu ni mchanga na, kuelekea baharini, mawe ya matumbawe yenye matundu. Ardhi kama hiyo haizuii kitu. Kinachomwagwa juu huteremka pamoja na mvua ya masika hadi penye maji. Na visima vya Tiwi, vilivyo humu humu Matuga, huwapelekea maji watu wa pwani ya kusini hadi Likoni. Basi amwagaye oili Waa au Ng'ombeni asidhani anachafua ua wake peke yake.

Siku moja mzee jirani yangu alinikuta kazini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo yaenda wapi?"

"Yaingia mtungini, mzee."

"Basi uufunge. Kisima hiki sikukichimba mimi, wala hukukichimba wewe."

Maneno yale yalinikumbusha chuoni, tulipofunzwa kuyatazama maji kabla ya kutawadha: rangi yake, utamu wake na harufu yake. Mtu aliyesoma hayo utotoni, akakua akamwaga oili penye kisima cha msikiti, elimu yake imemfaa nini?

Wako watakaosema kwamba oili chafu ina manufaa, hupakwa nguzo za ua ili mchwa wasizile. Desturi hiyo naijua. Lakini nguzo husimama ardhini, na mvua huiosha. Karibu na kisima au shamba la mboga, isipakwe.

LA KUFANYA

Oili itiwe katika mtungi wenye kifuniko, uandikwe wazi, uwekwe mbali na watoto. Usiichanganye na maji wala petroli. Filta ya zamani ipinduliwe ichuruzike kwanza. Kisha mtungi upelekwe gereji yenye pipa la oili chafu, na muulize mwenyewe pipa likijaa huenda wapi. Oili hiyo huweza kusafishwa upya au kuchomwa katika matanuri makubwa ya viwanda. Jikoni kwako haichomwi. Sheria nayo ipo tangu mwaka 1999, ile ya mazingira iliyounda NEMA, lakini askari wa NEMA hatasimama katika kila ua.

Ushauri wangu kwa mafundi wetu wa kando ya barabara, Kombani na kwingineko, ni kuwa na pipa moja la pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki, na oili ikishaingia kisimani ni vigumu mno kuitoa. Pipa moja ni rahisi kuliko kuchimba kisima kipya.