Asili ya Misemo ya Kiingereza (3): Pigo Moja la Mwewe

Waingereza husema jambo limefanyika “in one fell swoop” wakiwa na maana kwamba limekwisha mara moja, kwa mkupuo: madeni yote yamelipwa, sheria kumi zimefutwa. Ukifuata chimbuko lake, hata hivyo, utaona kwamba usemi huu haukuzaliwa kueleza kasi. Ulizaliwa kueleza ukatili.

Tunaukuta kwanza katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ya mwaka 1606 hivi, iliyochapishwa 1623. Macduff, akiwa ukimbizini Uingereza, anapata habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa. Kwa uchungu anamwona muuaji kama mwewe, na familia yake kama kuku na vifaranga. “Swoop” ni mshuko wa ndege anayenyakua. “Fell” haihusiani na kuanguka, kama wengi wanavyodhani. Ni kivumishi cha kale kilichotoka Kifaransa, chenye maana ya katili. Mwewe wenyewe walikuwa wengi London wakati huo, wakiokota mizoga na taka mitaani. Baadaye waliwindwa mno, hata mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza nzima ilibakiwa na jozi chache tu huko Wales. Kazi ya kuwarejesha kwingineko ilianza 1989. Kivumishi nacho kilichakaa. Ndege katoweka machoni, neno limetoweka masikioni, kasi ndiyo iliyosalia.

Atatokea wa kupinga kwamba neno “moja” linathibitisha kuwa kasi ilikuwamo tangu awali. Sikubali. Afugaye kuku anajua kwamba mwewe hunyakua kifaranga mmoja, akarudi baadaye kwa mwingine. Hawezi kubeba wote pamoja na mama yao. Macduff anashangaa kwamba binadamu amempita mwewe kwa unyama. “Moja” hapo inapima ukubwa wa msiba, si muda wake. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: maana ya usemi huamuliwa na wanaoutumia leo, si na kaburi la mwandishi. Ni kweli, na anayeutumia kwa habari ya madeni hajakosea. Ila wapo wanaoandika “foul” badala ya “fell”, na hao wamekwisha kuupoteza usemi wenyewe. Mwenye shaka na afungue tendo la nne, onyesho la tatu, asome ukurasa mzima.