Dawa ya Ini Ng'ambo ya Rusumo

Msafiri atokaye Ngara akaishika barabara ya Rusumo, afikapo darajani huiona Rwanda ng'ambo ya Mto Kagera. Na kwa kuwa Wahangaza wa upande huu wana udugu wa lugha, wa ndoa na wa biashara na watu wa upande ule, habari ya tiba njema iliyopatikana huko yastahili kusikiwa huku mapema, tena kwa ukamilifu.

Maradhi ninayoyakusudia ni homa ya ini aina ya C, ambayo huambukizwa kwa damu, nayo aghalabu hukaa mwilini miaka ishirini au zaidi bila ya kujulisha, hata siku mgonjwa anapoletwa kwa tabibu tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989. Hapo zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni kila wiki, pengine mwaka mzima, zikimdhoofisha mgonjwa kwa homa na majonzi, na wengi hawakupona. Leo ni vidonge vya kumeza kila siku kwa wiki 12, na katika kila wagonjwa 100 hupona zaidi ya 90. Kimojawapo, sofosbuviri, hufanya kazi mfano wa ukindu wa bandia aliopewa msusi wa mkeka: virusi vikiutia katika ususi wao, ususi hukatika, visiweze kuzaa tena.

Dawa hiyo ilipotoka Marekani mwaka 2013 iliuzwa dola 84,000 kwa tiba moja, bei ambayo mimi naiona ni dhuluma. Leo, dawa hizi zikitengenezwa na viwanda vingine, tiba nzima yaweza kupatikana kwa bei isiyofika dola 100. Rwanda ilitangaza Desemba 2018 azma ya kuyatokomeza maradhi haya. Kabla ya hapo, katika utafiti wa Kigali, watu 300 walipewa sofosbuviri na ledipasviri, wakapona 87 kwa mia. Lakini wenye namna ya virusi iitwayo 4r, inayopatikana katika eneo letu hili, walipona takriban nusu tu. Kwa hiyo tabibu wa Biharamulo hana budi kuuliza ni mchanganyiko gani wa dawa unaowafaa watu wa huku, wala asichukue tu ule uliosifiwa Ulaya.

Lakini dawa haimfai asiyejua kuwa ni mgonjwa. Kipimo cha kwanza cha damu huonyesha tu kwamba mwili ulikutana na virusi. Cha pili ndicho kithibitishacho kwamba vingalimo, na mashine ya GeneXpert, iliyozoeleka kwa kifua kikuu, yaweza kukifanya.

Basi, msomaji wa Rulenge au wa Nyakahura, ikiwa uliwahi kuchanjwa kwa wembe wa wengi, au kuongezewa damu zamani, nenda hospitali ukaombe kupimwa homa ya ini aina ya C pamoja na aina ya B, kwa sababu B iliyolala huweza kuamka C inapotibiwa.