Ramani ya Hazina Ndani ya Kaye

Mwaka 1881 mvua ilimfungia nyumbani mwandishi Robert Louis Stevenson, kule Braemar, Uskoti, pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd Osbourne, kijana wa shule wa miaka 13. Kwa kupitisha muda wakawa wanachora na kutia rangi. Ikatoka ramani ya kisiwa kisichokuwepo popote, na kadiri Stevenson alivyoitazama ndivyo alivyoanza kuwaona watu wa hadithi yake. Kitabu kikatoka 1883. Frederick Johnson akakileta katika Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Ramani ilitangulia, hadithi ikafuata. Mzazi wa Kasongo au Kabambare mwenye mtoto asiye na la kufanya wakati wa vakansi kubwa ashike utaratibu huohuo.

Kisiwa hatuna, lakini tuna Lualaba na Luama, tuna miembe mikubwa, na tuna njia ya misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip iliyotoka upande wa Tanganyika ikapita Kabambare hadi Kasongo. Tena vakansi inaangukia kiangazi: vijito vimepungua, njia zimekauka, mtoto anaweza kutembea na kupima.

Kwanza apime mguu wake. Tandaza kamba ya mita 10, atembee kando yake kwa mwendo wake wa kawaida, ahesabu hatua. Tuseme ni 16. Basi hatua 32 ni mita 20, na mita 20 tutaziandika kama sentimita 1 kwenye kaye ya miraba. Ukurasa wa sentimita 20 unabeba mita 400, yaani toka nyumbani hadi kisimani na kurudi kwa njia ya uwanja wa mpira. Inatosha. Anayetaka kuingiza kijiji kizima ataishia kuchora nyumba kama punje za mchele.

Kaskazini ndiyo inayowasumbua wengi, hata watu wazima. Tumezoea kusema jua linachomoza mashariki, lakini mwezi wa Julai linachomoza likiwa limeegemea kaskazini kwa digrii 20 hivi. Mtoto akiifuata mashariki hiyo, kila mita 100 atakazotembea zitamtupa zaidi ya mita 30 pembeni. Asimike fimbo ya mita 1, wima, mahali pasipo na kivuli. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba mchana aweke kijiti kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote, chenye urefu wa karibu nusu mita, kinaelekea kusini kabisa, kwa kuwa jua la adhuhuri Julai liko kaskazini yetu. Kwetu kinapatikana robo saa hivi baada ya saa sita, si saa sita kamili.

Majina ayatafute kwa babu na bibi: kile kijito kinaitwaje, nani alipanda mwembe ule, kwa nini kilima kile hakilimwi. Hapo ndipo hadithi inapoanza kujiandika yenyewe. Aiandike kwenye kaye ileile, ili ramani na hadithi visitengane. Ramani ya kwanza ya Stevenson ilipotea ilipotumwa kwa wachapishaji, ikambidi asome upya kitabu chake mwenyewe, akikusanya kila mlima na kila ghuba ili aichore tena.

Kabambare kuna dhahabu ya kweli, na najua mtoto wa Salamabila atataka kuchora mashimo. Ayachore kama mahali pa kupita mbali. Hazina isiwe huko. Kambi za askari na vizuizi vya barabarani visiingie kabisa, maana karatasi ya namna hiyo huzaa maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu.

Hazina iwe karanga katika kopo, imefukiwa mwituni karibu na nyumba. Kisha ramani apewe mtoto wa jirani ambaye hakushiriki kuichora. Naye apime mguu wake kwanza kwa kamba ileile, maana hatua 60 za mkubwa si 60 za mdogo wake. Akilikosa kopo, mchoraji asimwoneshe kwa kidole; warudie safari pamoja, kipande kwa kipande, mpaka waone ni kona ipi iliyoandikwa vibaya.