Elinor Glyn na Sinema Isiyosema

Vijana wangu wa Wote, bila shaka mmemsikia David Maillu, mwandishi aliyezaliwa Kilungu, huko kwetu milimani. Miaka ya 1970 vitabu vyake vya mapenzi vilisomwa kwa kujificha huku wazee wakifoka. Basi kuna mwanamke ng'ambo aliyefokewa hivyo hivyo kabla Maillu hajazaliwa.

Ni Elinor Glyn, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, mwaka 1864. Mumewe alikuwa bwana mwenye mashamba, mkarimu wa matumizi na mvivu wa hesabu. Madeni yalipowazidi, kalamu ya Elinor ndiyo iliyolisha nyumba. Mwaka 1907 akatoa Three Weeks, kisa cha malkia aliyempenda kijana wa Kiingereza. Mkuu wa shule ya Eton akapiga marufuku wanafunzi kukisoma. Mnajua kilichofuata: kikauzwa kama njugu.

Mwaka 1920, akiwa mjane wa miaka 56, umri ambao wengi huwaza kustaafu, akaitwa Hollywood. Waandishi wengine mashuhuri waliitwa pia. Baadhi yao waliona hadithi zao zinavyokatwakatwa, wakafunga mizigo. Elinor akabaki.

Siku hizo sinema haikutoa sauti. Mazungumzo yaliandikwa, watazamaji wakayasoma wenyewe, huku mpiga piano akitumbuiza ukumbini. Kwa hiyo mwigizaji alitakiwa aseme kwa macho, kwa bega, hata kwa kidole. Elinor alilielewa hilo upesi. Alikaa karibu na kamera, akiwaelekeza waigizaji jinsi mabwana na mabibi wa Uingereza wanavyoingia chumbani, wanavyoketi, wanavyosalimiana. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyemfundisha mwigizaji Rudolph Valentino ageuze mkono wa mwanamke na kuubusu kiganjani, badala ya juu kama walivyozoea wote. Valentino aliigiza na Gloria Swanson katika Beyond the Rocks, filamu ya 1922 iliyotokana na riwaya ya Elinor. Ilipotea kwa miongo mingi, ikaja kupatikana Uholanzi katika mali ya mkusanyaji mmoja wa filamu. Mwaka 2005 watu wakaitazama tena.

Mimi, niseme kweli, malkia na matajiri wake hunichosha. Ninachomsifia ni ukaidi wa kutowaachia wengine hadithi yake. Aliporudi Uingereza alitumia hata fedha zake mwenyewe kuongoza filamu, Knowing Men, ya 1930. Ilianguka vibaya, naye akarudia vitabu. Alifariki London mwaka 1943.

Mkitaka kumjua kwa sinema, anzeni na filamu ya It, ya 1927, ambamo Clara Bow ni muuzaji wa dukani anayempenda bosi wake tajiri. Haihitaji Kiingereza kingi. Mkifika pale kwenye mkahawa wa kifahari, mtazameni vizuri yule mama anayeingia kwa madaha: ndiye Elinor mwenyewe.