Mfunza farasi hufunzwa na farasi

"Samaki mkunje angali mbichi," walinena wahenga, nasi walimu tumeitumia methali hiyo darasani, mikutanoni na hata katika ofisi za wakuu wa shule mpaka imekaribia kuchakaa. Sina nia ya kuibeza. Lakini iko kazi moja ambamo methali hii, ikishikwa bila tahadhari, huvunja miguu. Kazi hiyo ni ya kuwafunza farasi.

Huenda msomaji akauliza farasi wanatuhusu nini. Atasema kwamba mnyama huyu si wa kwetu. Alikuwa kipando cha mabwana wa zamani, na leo ni starehe ya wenye nacho pale Ngong. Kwa kiasi fulani asema kweli. Ndorobo, pamoja na ugonjwa hatari wa farasi uenezwao na usubi, waliwazuia wanyama hawa wasienee katika sehemu kubwa ya nchi yetu, na wengi wa wale walioonekana katika nyanda za juu mwanzoni mwa karne ya 20 waliletwa na walowezi. Hata hivyo, lugha yetu haikukosa maneno. Ina lijamu ya kutiwa kinywani mwa farasi, hatamu za kushikwa mkononi, kikuku cha kukanyagia, na saisi wa kumtunza mnyama mwenyewe. Neno hilo la mwisho, ambalo vijana wengi wa siku hizi hawalijui, nitalirejelea, kwa maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Farasi wa mashindano huanza kutandikwa na kupandwa akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa kumtazama utadhani ni mnyama mzima: ana kilo mia nne au zaidi, ana kifua kipana, na akienda shoti ardhi hutetema. Ndani yake, lakini, mifupa ingali inakua. Mbio fupi zenye kipimo huuimarisha mfupa; mbio za kupita kiasi huupasua. Kano zilizo nyuma ya mguu wa mbele ndizo zenye balaa kubwa zaidi, kwa sababu ukano uliochanika hupona kwa kufanya kovu, na kovu halinyumbuki kama ukano uliokuwapo awali. Mkufunzi mwenye pupa akimwona kinda anakimbia kwa furaha humzidishia mwendo. Baada ya majuma machache huupapasa mguu alfajiri na kuhisi joto ambalo jana halikuwapo. Hapo msimu wa mashindano umekwisha, na pengine maisha ya uwanjani yamekwisha pia. Samaki amekunjwa angali mbichi, naye amevunjika.

Na hapo tunamzungumzia farasi mmoja tu. Aliye na farasi kumi na wawili ana mitihani kumi na miwili, na majibu ya mmoja hayamfai mwingine. Yupo alaye chakula chote na kulamba chombo, na yupo ambaye akihamishwa banda husuasua kula siku mbili. Yupo apendaye kuwatangulia wenzake tangu kipyenga cha kwanza, na yupo ambaye hana hamu ya kukimbia mpaka awaone wengine mbele yake. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia wake. Amjiaye kwa nyuma kimyakimya anajitafutia teke. Silaha yake kuu tangu azali ni kukimbia hatari. Ukimchapa kwa kuwa ameogopa, umemthibitishia kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari na mwandishi, aliyaonya haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita katika kitabu chake juu ya upandaji farasi: mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Nasikitika kusema kwamba wako walimu, nami nimo, ambao wangefaidika kwa kukisoma kitabu hicho kabla ya kuushika mjeledi, enzi zile ulipokuwa ukiruhusiwa.

Mfano nilio nao wa jambo hili ulitokea hapa hapa nchini. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Kenya angali mtoto mdogo. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na farasi huko Njoro, na msichana huyo alikulia zizini kuliko sebuleni. Dunia inamkumbuka zaidi kwa kuwa mwaka 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka mashariki kwenda magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Lakini kabla ya ndege palikuwa na farasi, na baada ya ndege walikuwapo farasi tena, na katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night, kurasa za farasi ndizo ninazozirudia. (Wako wanaodai kwamba kitabu hicho kiliandikwa na mumewe wa tatu. Sitaingia katika ugomvi huo. Aliyeandika alikuwa ameambiwa habari za farasi na mtu aliyewajua.)

Anasimulia habari za Camciscan, dume la nasaba bora lililoletwa kwa meli na garimoshi hadi Njoro. Msichana alipewa kazi ya kumpanda kila asubuhi. Yeye alitaka kutii kwa farasi, na farasi hakuwa na mazoea ya kutii. Akaangushwa, akapanda tena. Ushindi kamili haukupatikana upande wowote. Kilichopatikana ni namna ya suluhu, kila mmoja akijua mpaka wa mwenzake. Ningekuwa mpuuzi kudai kwamba hilo ni jambo dogo.

Kisha akaja Pegasus, na hapo somo la Camciscan halikufaa kitu. Huyu msichana alikesha zizini usiku wa kuzaliwa kwake, pamoja na mtumishi aliyeitwa Otieno, na kinda lilipotoka salama baba alimpa liwe lake. Hakuna aliyepambana na mwenzake. Ukame na hasara za biashara ya unga zilipomfilisi baba, naye akaondoka kwenda Peru, binti mwenye umri upatao miaka 18 alimpanda Pegasus akashika njia ya kwenda Molo kuanza maisha ya mkufunzi. Husemwa kwamba ndiye mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kazi hiyo hapa nchini.

Molo kuna baridi, na mwanzo ulikuwa mgumu. Wenye farasi walikuwa wanaume, nao hawakuwa na haraka ya kumkabidhi msichana mali yao. Alipoanza kupata ushindi wakaanza kumjia, na hapo ndipo alipoonja uchungu wa kazi hii ambao wasomaji wengi hawaufikirii: farasi si wa mkufunzi. Alimlea Wrack, dume lililokuwa na kila dalili ya kushinda mashindano makubwa ya St. Leger ya Nairobi mwaka 1926. Zikiwa zimesalia takriban wiki 12, mmiliki alishawishiwa kwamba kazi hiyo ni kubwa mno kwa msichana, akamwondoa Wrack na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Jasho la miezi mingi likaondoka na kamba shingoni.

Mwalimu aliyepata kumfundisha mtoto tangu darasa la kwanza, akamwona akihamishwa mwaka wa mtihani ili sifa ziende shule nyingine, ataelewa.

Alibakiwa na Wise Child, jike lenye mbio na moyo, ila kano zake zilikuwa zimeharibiwa na mtu mwingine aliyemkimbiza mapema mno. Yale yote aliyoyafanya kwa Wrack yangemlemaza huyu. Ilimbidi atafute ardhi laini yenye matope isiyougonga mguu, ahesabu kila hatua, na aridhike na mazoezi nusu pale ambapo farasi mzima angepewa mazoezi kamili. Kila jioni miguu ililazimika kukandwa na kufungwa, na kila asubuhi kupapaswa. Siku ya mbio, ambazo kwa mujibu wa kitabu zilikuwa za urefu wa kilomita 2.8 hivi, Wise Child alitangulia. Kabla ya kufika mwisho miguu ilianza kumsaliti. Wrack alikuwa anakuja nyuma yake kwa nguvu. Jike likamaliza la kwanza.

Wengi huisimulia hadithi hii kama kisa cha kulipiza kisasi, na nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi nainamia upande mwingine. Wrack hakuwa na kosa. Yeye pia alikimbia alivyofunzwa, na sehemu kubwa ya alichofunzwa alikipata kwa huyo huyo aliyeshindwa kummiliki. Beryl alikuwa akitazama wanafunzi wake wawili wakishindana. Na yule aliyeshinda alilipa kwa miguu yake. Sijui kama mimi ningempeleka uwanjani.

Sasa nirudi kwa saisi. Kazi ya kuikanda na kuifunga ile miguu, kulala karibu na banda, kusikia kwa kikohozi kimoja kwamba fulani hana raha, haikuwa ya mtu mmoja mwenye leseni. Markham mwenyewe hakulificha hilo. Kitabu chake kimejaa jina la arap Ruta, aliyeitwa Kibii walipokuwa watoto wakicheza pamoja Njoro. Alipofika utu uzima alimfuata kwenye kazi ya farasi, na bibi huyo alipogeukia urubani Ruta alikwenda naye, akaitunza ndege kama alivyowatunza farasi. Urafiki wao haukufuta tofauti za siku zile: utotoni walikimbia bega kwa bega, ukubwani mmoja akawa mwajiri na mwingine mwajiriwa. Lakini angalau ameandikwa.

Markham alirejea Kenya karibu na mwaka 1950, akawafunza farasi walioshinda Derby ya Kenya zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1960 alijaribu bahati Afrika Kusini asifaulu kama alivyofaulu nyumbani, akarudi tena. Alifariki Nairobi mwaka 1986, baada ya kuishi miaka yake ya mwisho karibu na uwanja wa Ngong, mahali ambapo farasi hupita wakienda mazoezini kabla ya jua kupanda.

Ratiba ya mashindano ina nafasi ya jina la farasi, mmiliki, mkufunzi na jokii, pamoja na uzito atakaoubeba mnyama. Saisi hana nafasi. Ruta tunamjua kwa bahati tu, kwa kuwa aliyefanya naye kazi aliandika. Nina hakika kwamba katika madarasa ya Njoro, Molo na Nakuru wamo wanafunzi ambao babu zao, au baba wa babu zao, walikuwa masaisi katika mashamba yale, na ambao nyumbani kwao bado yanakumbukwa majina ya farasi na tabia zao: yupi aliuma, yupi alimwogopa mbwa, yupi alikataa kula mpaka aimbiwe. Wazee hao wanapungua. Likizo ijayo walimu wa huko watakapotafuta mada ya insha, wawatume watoto wakaulize.