Kuchagua Bunduki ya Kuwindia Pongo na Swala



Kazi ya Bwana Shamba ni kuulizwa habari za mbegu, mbolea na wadudu, walakini hapa Buswelu nimeulizwa pia habari za bunduki. Mtu ambaye kunde zake zimeliwa na pongo, au aliyepata leseni ya kuwinda swala ili watoto wake wapate kitoweo, hunijia na kusema: "Bwana Shamba, ninunue bunduki ya namba gani?" Naye hutazamia nimwambie anunue iliyo kubwa. Jibu hilo si la kweli. Limewapotezea watu fedha zao, na limewatesa wanyama wengi bure. Yafaa basi nieleze jambo hili kwa taratibu.

1. Mjue mnyama kwanza

Ayala asomwaye katika Biblia hayuko kwetu. Yeye ni mnyama mwenye pembe za matawi ambazo huanguka na kuota tena kila mwaka. Katika Afrika yote, ayala wa asili hupatikana upande wa kaskazini tu, kama vile Algeria na Tunisia. Wanyama wetu wa namna hiyo ni pongo, swala pala, tohe na nsya, na pembe zao hazianguki. Dume la pongo huwa na uzito wa kilo 40 hata 80. Dume la swala pala kilo 50 hata 75. Nsya hazidi sana kilo 20. Tazama basi: hawa si nyati. Ngozi yao si nene, wala mifupa yao si ya kutisha. Hawahitaji bunduki ya kutikisa milima.

2. Sheria

Mambo mawili yatakiwa kabla ya kushika bunduki. La kwanza ni kibali cha kumiliki silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. La pili ni leseni ya kuwinda, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kimoja hakitoshi bila ya kingine. Magobori yatengenezwayo kwa siri hayana kibali, na tena hupasuka na kumkata vidole mwenyewe. Na mnyama aliyeuawa kwa kulinda nafsi au shamba ni mali ya Serikali. Peleka habari upesi kwa Afisa Wanyamapori, yule ambaye wazee humwita Bwana Nyama. Yeye ndiye atakayekuambia pia kanuni zinaruhusu bunduki ya namba gani kwa mnyama gani.

3. Maana ya namba

Namba ya raifoli ni takriban upana wa risasi yake. Waingereza hupima kwa sehemu za inchi, na watu wa Ulaya bara hupima kwa milimita. Hivyo .303, ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1888, ni kama milimita 7.7. Bunduki ya Kijerumani ya 7x57, ya mwaka 1892, ina risasi ya milimita 7 hivi, na 57 ni urefu wa ganda lake.

Bunduki ya marisau huhesabiwa kwa njia nyingine. Namba 12 maana yake ni kwamba goroli 12 za risasi zenye upana wa mtutu ule zina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba 12 ni pana kuliko namba 20, ingawa namba yake ni ndogo.

4. Ipi yafaa?

Bunduki ya .22 ni rahisi, haina kishindo, na risasi zake si ghali. Walakini risasi yake haifiki gramu 3. Ni ya kanga na sungura. Mwenye kumpiga pongo kwa .22 humjeruhi, na pongo aliyejeruhiwa huingia kichakani akafa huko mbali, ama humrudia mwindaji kwa pembe zake.

Bunduki ya marisau namba 12, yenye marisau makubwa, yaweza kufaa kichakani, mradi mnyama asizidi hatua 30. Zaidi ya hapo marisau hutawanyika, na nguvu zake huisha.

Raifoli za kati ndizo zifaazo kwa pongo na swala: 7x57, .303, .308 ya mwaka 1952, au .30-06 ya mwaka 1906. Risasi zao ni za gramu 9 hata 12, nazo zatosha kabisa. Katika hizo chagua ile ambayo risasi zake zapatikana dukani Mwanza kwa haki. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei kubwa.

Bunduki ya .375, iliyotoka mwaka 1912, ni ya nyati na wanyama wakali. Kwa swala haina faida. Humpiga mwenye kuifyatua begani kwa nguvu, naye akishaogopa teke lake hufumba macho kabla ya kuvuta mtambo. Mwenye kufumba macho hana shabaha.

Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliwinda pande za Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa 7x57, bunduki ambayo wengine waliidharau. Sikutaji jambo hili ili uige, maana tembo wamepungua tangu siku zile. Nalitaja kwa sababu moja: mtu yule alijua mahali pa kupiga.

5. Risasi yenyewe

Kwa pongo na swala nunua risasi za ncha laini. Hizo hufunguka zikiingia mwilini, nazo huua upesi. Risasi za kijeshi, zilizofunikwa shaba pande zote, hupenya zikatoka upande wa pili. Mnyama hukimbia na jeraha dogo, na risasi huendelea na safari yake.

6. Mahali pa kupiga

Nalifuatana siku moja na mwindaji mwenye bunduki nzuri kupita zote nilizopata kuona. Alimpiga pongo jike tumboni. Tulifuata damu tangu asubuhi hata jua likachwa, tukampoteza. Siku ya pili tai walituonyesha mahali. Nyama ilikuwa imeoza, na tumboni mlikuwa na mtoto. Mwindaji yule alisema bunduki yake ilikuwa ndogo. Haikuwa ndogo, alipiga asipopajua.

Nenda Saanane, kisiwa kilicho karibu na mji wa Mwanza, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Hakuwindwi huko, lakini wako swala pala, nawe waweza kuwatazama vizuri. Mnyama akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwa jicho kutoka chini kwenda juu, mpaka theluthi ya kwanza ya kifua. Hapo, nyuma kidogo ya bega, ndipo penye moyo, na mapafu yako juu yake. Mahali pale pote hapazidi upana wa sahani.

Basi jaribu hivi katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Bandika karatasi ya upana wa sahani, uende hatua 100, ukae, upige risasi tano. Zikiingia zote, u tayari. Zisipoingia, sogea hatua 50, nawe usimpige mnyama zaidi ya hapo.

7. Nani yuko nyuma ya mnyama?

Buswelu ya leo si pori tena. Nyumba zimejaa mpaka vilimani. Risasi ya .22 huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ya raifoli kubwa zaidi ya kilomita tatu. Ikigonga majabali yetu huruka upande usioujua. Kwa hiyo raifoli si silaha ya shambani kati ya majirani. Huko windoni nako, usimpige mnyama aliyesimama juu ya kilima na mbingu nyuma yake. Ngoja mpaka kuwe na udongo nyuma yake wa kupokea risasi.

8. Nyama

Risasi ni madini yenye sumu, na vipande vyake vidogo havionekani kwa macho. Kata nyama iliyozunguka jeraha kwa upana wa kiganja, uifukie. Usiwape watoto, wala mbwa.

Kwa ufupi: kibali na leseni kwanza, raifoli ya kati, ncha laini, shabaha ya sahani, udongo nyuma ya mnyama. Na kama shida yako ni kunde kuliwa tu, njoo kwanza tuzungumze habari za boma la miiba na zamu za kulinda shamba. Hayo hayana gharama ya bunduki, wala hayamwui jirani.